Aliyewapa Wapinzani Magongo Yetu

Jumanne iliyopita, saa moja kasoro asubuhi, nikiwa bado napuliza chai ili inyweke, simu yangu iliita. Aliyepiga alikuwa binti mkubwa wa fundi seremala mmoja wa hapa Lizaboni, mtaa wetu wa Songea, mzee ambaye wengi wenu mmepita mbele ya karakana yake bila kujua kwamba humo ndani ilizaliwa timu nzima, na humo humo ikafa. Sauti ya binti ilikuwa kavu, sauti ya mtu aliyekwisha kulia. “Shikamoo baba mdogo. Baba ametutoka, jana jioni, hospitali.” Nikasema yale tunayosema wote, pole sana mwanangu, Mungu awatie nguvu, na nilikuwa bado natafuta pa kukaa aliponiongezea la pili. Ndugu walikuwa wamekaa wakakubaliana kwamba mimi, kwa kuwa ndiye mwandishi, niandike wasifu wa marehemu na niusome mwenyewe makaburini siku ya Alhamisi. Kisha akasema, “Ila baba mdogo, zile habari za magongo usiziweke. Tumesemwa vya kutosha. Baba azikwe kwa amani.” Nikamjibu sawa. Chai yangu ilipoa mezani mpaka ikaota utando.

Nilisema sawa kwa sababu nilipata nafuu moyoni, na nafuu hiyo ndiyo iliyonitisha. Maana aliyewafanya wasemwe ni mimi. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana mwenye kalamu mpya na kichwa kikubwa, niliandika gazetini kwamba mtu huyu aliuza mechi na kuiua timu yetu ya mpira wa magongo. Haikuwa kweli, na wakati naandika nilijua kwamba si kweli. Sasa amekufa, na mwanawe ananiomba, kwa adabu zote, tuufunike uongo ambao hajui kwamba ni wangu. Ninyi mnaonisoma mnajua ninavyowasimanga wengine kila wiki. Mkurugenzi akichelewesha kidaraja, nipo. Kondakta akimfokea mama mzee pale stendi, nipo. Leo zamu imenifikia mwenyewe.

Vijana wa sasa hawajui kwamba Songea iliwahi kuwa na timu ya mpira wa magongo. Wengine ukiwatajia wanauliza kama unamaanisha gongo la kunywa. Mchezo wenyewe tuliletewa na mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku, akashuka kwenye basi na magongo mawili na mpira mmoja mgumu kama jiwe. Akatufundisha kwenye uwanja wa shule, kati ya vichuguu na mbuzi, na kabla mwaka haujaisha uhamisho ukamchukua tena. Magongo mawili akatuachia. Kwa timu ya watu kumi na mmoja, magongo mawili ni kichekesho, na mahali pengine popote habari ingeishia hapo. Lakini kati yetu alikuwamo huyu fundi, aliyekuwa amekuja uwanjani siku ya kwanza kwa sababu tu kelele zetu zilimsumbua kazini. Alilichukua gongo moja, akalipima mkononi, akaligonga kwa kucha, akalinusa. Akasema, “Huu mti nitaupata.”

Alihangaika miezi. Mninga ulikuwa mzito ukachosha mikono. Mkaratusi ulipasuka siku ya kwanza, kipande kikamkosa mtu jicho kwa unywele. Mwisho akagundua kwamba mti aliokuwa anautafuta ni mforsadi, ule ule unaozaa tunda jeusi la kupaka watoto midomo, na kwamba mforsadi mkubwa kuliko yote mtaani ulikuwa umesimama uani kwa mama mkwe wake. Sasa mkwe, kwa desturi za kwetu, hapandi miti uani kwa mama mkwe akiwa na panga mkononi, hata kutaja jambo lenyewe ni kukosa haya. Basi akanituma mimi. Nilipiga magoti, nikatoa shikamoo ya heshima zote, nikaomba matawi. Yule bibi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kamwambie mkwe wangu kabati la vyombo aliloniahidi lije kwanza, ndipo tuzungumze habari za kuchezea.” Kabati likaenda. Matawi yakaja.

Namna yake ya kuyatengeneza sijaisahau. Alichemsha kipande cha mti ndani ya pipa, akakikunja kikiwa bado kinatoa mvuke, akakibana kwenye kalibu ya mbao ngumu na kukifunga kwa mipira ya tairi la baiskeli. Baada ya hapo hakikuguswa kwa wiki tatu. Mimi sikuwa na subira hiyo. Siku moja nilifungua gongo moja kabla ya wakati, na likanyooka taratibu mbele ya macho yangu likarudi kuwa fimbo. Nilitegemea nitatukanwa. Alilitazama tu, akalitupa kwenye rundo la kuni, akasema, “Ungeliacha, lingekaa lenyewe.” Alikuwa akiniita mdogo wangu, na mimi nilimwita kaka, ingawa hatukuwa wa tumbo moja wala ukoo mmoja.

Alikuwa na sheria moja: hakuna gongo linalolala nyumbani kwa mtu. Yote yalirudi karakana, yakatundikwa ukutani, kila moja na msumari wake. Hakuna aliyeruhusiwa kusema “gongo langu”. Hata hivyo alikuwa ameniahidi, kwa kuwa nilimsihi sana, kwamba lile jipya alilokuwa analipiga msasa, lenye mshipa mwekundu kwenye shingo, nitalitumia mimi kwanza. Naomba mlikumbuke hilo gongo.

Tuliingia ligi ya kanda, ligi ndogo ya timu tano ambayo hakuna gazeti la Dar es Salaam lililoijali. Mtaani walituita wachunga ng'ombe wasio na ng'ombe. Kipa wetu alikuwa fundi mwenyewe, pedi zake zimeshonwa kwa turubai na sponji ya godoro, na yeye pia ndiye nahodha. Mimi nilicheza wingi ya kushoto na nilikuwa katibu. Mwaka mmoja tulishika nafasi ya pili, akina mama wa sokoni wakafunga biashara mapema kuja kutuona. Mwaka uliofuata tuliyumba, tukafika siku ya mwisho ya ligi tukiwa mkiani, na mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya watani zetu wa Njombe. Hesabu ilikuwa nyepesi. Sare ilitutosha kubaki. Tukifungwa tunatoka, na chini yetu hapakuwa na ligi nyingine ya kuangukia. Kila mtu mtaani alilijua hilo. Fundi alikuwa hasemi, lakini wiki ile nzima alipiga randa mpaka mbao zikawa nyembamba kuliko alivyoagizwa.

Palikuwa na kanuni moja kwenye kitabu cha ligi, na mimi kama katibu niliijua kwa moyo. Timu ngeni isipokuwa uwanjani na vifaa vyake nusu saa baada ya muda uliopangwa, mwenyeji anapewa ushindi.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, simu ya mezani iliita kwenye ofisi nilimokuwa karani. Namba ile ndiyo tuliyozipa timu zote. Aliyepiga alikuwa nahodha wa Njombe, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, ila siku hiyo hakucheka. “Mtani, tumekwama njiani, hapa Madaba. Gari limekata shafti. Dereva karudi Njombe kutafuta spea, na ufunguo wa buti kaondoka nao, magongo yote yamo humo. Tunaomba mechi isogezwe kesho, baada ya misa.” Nilimwambia, “Sawa, nimekupata. Niwafikishie wenzangu, upige tena baada ya saa moja.” Nikaweka simu chini. Nikaitazama kwa muda. Kisha nikachukua ufunguo, nikafunga ofisi, nikaenda kunyoa. Nilikuwa bado kwenye ngazi niliposikia simu inaita tena. Kinyozi aliniuliza mbona natoka jasho na asubuhi ni ya baridi.

Sikumwambia mtu. Nilijitetea kichwani kwamba sijafanya lolote, kwamba gari halikuharibiwa na mimi. Saa tisa na nusu tulikuwa uwanjani tumevaa. Watu walijaa mpaka kwenye madirisha ya madarasa. Saa kumi ikafika, barabara kimya. Mwamuzi akaangalia saa yake. Saa kumi na dakika tano, akaangalia tena. Fundi alinijia akiwa tayari amefunga pedi, akitembea kwa kupanua miguu jinsi makipa wanavyotembea. “Mdogo wangu, hawajapiga simu hawa?” Nilimtazama usoni nikasema, “Hapana, kaka.” Akatikisa kichwa, akarudi golini akasimama peke yake akiangalia upande wa barabara ya Njombe. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Watu wakaanza kuimba.

Dakika ya ishirini lori la mbolea liliingia kwa honi. Juu ya magunia walikuwamo watani wetu, weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga, macho tu ndiyo yanaonekana. Wakaruka chini wakikimbia. Mwamuzi akauliza vifaa viko wapi. Nahodha wao akafungua mikono, mitupu. Mwamuzi akaonyesha saa: dakika kumi zimebaki, bila magongo ushindi ni wa Songea. Uwanja ukalipuka. Watu walirukaruka, mwenzangu mmoja akanibeba. Nilipokuwa hapo juu begani nikamwona fundi anamshika mkono yule nahodha wa Njombe, wanavuka barabara pamoja, wanaingia karakana.

Waliporudi zilikuwa zimebaki dakika tatu. Fundi alikuwa amekumbatia magongo, yale ya akiba, yale ya mazoezi, hata ya zamani yaliyofungwa waya. Nyuma yake mtani, na mkononi mwa mtani lile jipya lenye mshipa mwekundu. Nilimkimbilia. “Kaka, unafanya nini? Dakika tatu tu! Dakika tatu tumebaki ligini!” Akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, nikadhani ni jua linampiga. “Wamekuja kucheza,” akasema. “Na sisi si tumekuja kucheza?” Akawagawia mmoja mmoja, akimpimia kila mtu gongo kwa urefu wake, kama anavyompimia mteja kiti.

Mechi ile sitaisimulia yote. Mpira uligonga vichuguu ukaruka kusikotabirika, magoti yalichunika, na kila dakika iliyopita bila bao ilikuwa dakika moja karibu na uhai. Fundi aliokoa mipira mitano ambayo kwa kipa mwingine ingekuwa mabao. Zilikuwa zimesalia dakika chache, watu wameshaanza kupiga miluzi kumwomba mwamuzi amalize, mtani alipoupata mpira ndani ya nusu duara na kuupiga chini chini. Fundi alilala. Ukapita chini ya kiwiko. Uwanja wote ukawa kimya, nikasikia wazi mpira unavyogonga ubao wa nyuma ya goli. Filimbi ilipolia fundi alifungua pedi zake, akaenda kumpa mkono mfungaji. Mtani akainua lile gongo juu, akapaza sauti, “Hili silirudishi! Mali ya mtani hiyo!” Fundi akacheka. Alicheka siku tulipokufa, na mimi sikumsamehe kicheko kile.

Jumatatu niliandika, bila kuweka jina langu. Nilikuwa naliandikia gazeti moja habari za mkoa, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa nafasi pana. Nilieleza jinsi nahodha alivyowapa wapinzani magongo yetu zikiwa zimebaki dakika tatu tupewe ushindi. Hayo yalikuwa kweli. Halafu nikaongeza sentensi moja: “Wanaojua wanasema magongo yale hayakutoka bure.” Ndiyo hiyo tu. Hakuna aliyesema. Hao wanaojua nilikuwa mimi peke yangu, nikiwa na hasira za gongo nililoahidiwa na hofu ya simu niliyoificha. Niliona kwamba watu wakimtazama yeye, hakuna atakayeuliza kuhusu simu.

Na hakuna aliyeuliza. Wateja walimhama wakaenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Kwenye jumuiya ya kanisani alikuwa mwenyekiti, wakampumzisha kwa maneno laini. Wanawe waliitwa watoto wa muuza mechi mpaka mmoja akahama shule. Mazoezini wakaja watu sita, kisha wanne, kisha fundi peke yake na mbuzi. Timu ndogo kama ile haifi kwa kufungwa. Zipo zilizofungwa kila mwaka zikaendelea, kwa sababu wenzake wanapoondoka kuna mtu mmoja anayebaki kukusanya vifaa. Sisi yule mtu mmoja tulikuwa naye, tukamfanya aone aibu kupita mtaani. Magongo yalibaki ukutani miaka, mengine yakaja kuwa mipini ya majembe.

Nilianza kukwepa njia yake. Nilizunguka kwa juu, nikaongeza robo saa kila siku, kwa miaka. Hata bodaboda zilipokuja niliwaelekeza wapite kule. Siku moja dereva mmoja akakata njia ya mkato bila kuniuliza, na bodaboda ikapata pancha mahali pale pale nilipokuwa naogopa, mbele ya mlango wake. Akatoka na kigoda. “Karibu ukae, mdogo wangu.” Nikakaa. Alikuwa amezeeka, nywele zimejaa unga wa mbao hata huwezi kujua ipi mvi. Akaendelea kupiga randa, akasimama, akaniuliza taratibu, “Huna la kuniambia?” Nikamwambia barabara ya Njombe sasa imetengenezwa vizuri. Akaitikia kwa kichwa. “Ndiyo. Siku hizi gari halikwami Madaba.” Akainamia tena randa yake. Nilijidanganya kwamba ni maneno ya mzee tu, yanayokuja na kwenda. Pancha ilipozibwa nilipanda bila hata kumuaga vizuri.

Basi Jumanne na Jumatano nilikaa na karatasi. Niliandika alizaliwa wapi, alibatizwa lini, amejenga madawati ya shule ngapi, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Palipofika pa magongo niliruka, kama nilivyoombwa. Ilisomeka vizuri. Wasifu wa marehemu huwa unasomeka vizuri hata wa mtu uliyemwangamiza. Jumatano jioni binti alinipigia kuuliza kama nimemaliza, nikamwambia tayari. “Na yule mtani wa baba wa Njombe amepiga simu,” akasema, “amesema lazima aje, yuko njiani.” Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, kama bado ana afya. “Ah, mzima kabisa. Anakuja kufanya fujo zake.”

Nadhani hakuna anayehitaji kuelezwa mtani kwenye msiba wetu ni nani. Anafanya yale ambayo mwana na ndugu hawathubutu. Anamtukana marehemu, analala kaburini, anazuia mazishi mpaka apewe anachotaka, na waliofiwa hawaruhusiwi kununa. Ni mtu pekee makaburini mwenye ruhusa ya kusema lolote. Na huyu alikuwa ndiye mtu pekee duniani, niliyemjua mimi, aliyejua kwamba siku ile simu ilipigwa.

Alhamisi nilisoma wasifu wangu wa kurasa mbili. Sauti haikukatika. Watu wakasema amina, binti akanipa ishara ya shukrani kwa macho. Katekista akamaliza sala, vijana wakashika kamba. Hapo ndipo yule mzee wa Njombe alipojitokeza nyuma ya umati, mgongo umepinda lakini kifua kile kile, na mkononi ana gongo. Niliutambua ule mshipa mwekundu kabla sijaitambua sura yake. Akaliweka gongo kwa mapana juu ya kaburi.

“Simameni hapo hapo!” akapaza sauti. “Huyu hazikwi. Kwanza jeneza lenyewe limechongwa na nani? Msumari umepinda! Seremala mzima anapelekwa kwa Mungu kwenye kreti la soda?” Watu wakaanza kucheka kwa machozi. “Halafu nina kesi. Mwaka ule nilikwama Madaba nikapiga simu hapa Songea. Akapokea mtu mwenye sauti nzuri ya kiofisi, akaniambia sawa. Nataka huyo mtu anyooshe mkono. Asiponyoosha, maiti hii naipakia kwenye boda naondoka nayo Njombe!”

Umati uliangua kicheko. Hawakujua kesi yenyewe ni ipi, kwao ilikuwa fujo ya mtani na ilikuwa tamu. Mzee hakunitazama. Alitazama magari, miti, kila kitu isipokuwa mimi. Nilielewa kwamba ananipa nafasi ya kunyamaza. Ningenyamaza angesubiri kidogo, angepewa kuku wake, na fundi angeshuka chini na jina nililompa mimi. Nilikuwa nimeushika ule wasifu kwa nguvu hata karatasi imelowa. Nikasogea mbele.

“Ni mimi,” nikasema. Nikaona haijasikika, nikarudia kwa nguvu. “Ni mimi niliyepokea simu! Nikamficha marehemu, nikamdanganya usoni. Na mimi ndiye niliyeandika gazetini kwamba ameuza mechi. Hakuuza. Niliongopa mimi.”

Makaburi yote yalilipuka kwa kicheko. Bibi mmoja alijipiga mapaja akisema, “Huyu naye kumbe anajua utani!” Mwingine akapiga kelele, “Mtozeni kuku wawili!” Nikarudia tena kwamba nasema kweli, wakazidi kucheka, maana nilikuwa nasema kwa uso mkavu kama wanavyofanya watani hodari. Nikamtafuta binti kwa macho. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga, anacheka, mara yake ya kwanza tangu Jumatatu, na watu wa kwao walikuwa wanamshikilia wakifurahi kwamba angalau amecheka. Nilisimama pale na ukweli wangu mkononi na hapakuwa na mtu wa kuupokea.

Ni mzee mmoja tu ambaye hakucheka. Alilichukua lile gongo, akalilaza juu ya jeneza, akawaruhusu vijana kwa mkono. Kamba zilipoanza kushuka akanisogelea, akaniinamia sikioni. “Mlongo, ndugu yangu, alikuwa anajua. Nilimwambia mwenyewe mule karakana, siku ile ile, anatundua magongo ukutani. Mimi nilitaka nije nikukabe koo. Akanishika mkono. Akasema, mwache, atasema mwenyewe.”

Kwa hiyo alipogawa magongo zikiwa zimebaki dakika tatu, alikuwa anajua. Aliponitazama vile, halikuwa jua. Aliposoma sentensi yangu gazetini, alipovuliwa uenyekiti, mwanawe aliporudi analia kutoka shule, alikuwa na neno moja la kumtoa kwenye aibu yote, na neno hilo lilikuwa jina langu. Alinisubiri. Akanitolea kigoda akaniuliza kama sina la kumwambia, nikamsifia lami.

Siku hizi kila mtu ana gazeti lake mfukoni. Naona kwenye makundi ya simu watu wanaandika “wadau wanasema”, “inasemekana”, “chanzo chetu kimedokeza”, na kufikia jioni mwalimu fulani au muuguzi fulani hawezi kwenda dukani. Nawajua waandikao hivyo, maana mimi ni mkubwa wao. Nilichojifunza Alhamisi ni kitu kidogo lakini kimenigharimu: uongo ulioandikwa hauondoki kwa kusemwa, hata ukisemwa mbele ya kaburi na watu wote wakiwapo. Unatoka pale pale ulipoingilia. Mtu akiharibu jina la mwenzake mbele ya watu, akalitengeneze mbele ya watu hao hao, wakati mwenye jina bado anaweza kusikia. Mimi nimechelewa.

Mwanangu, uliniomba habari za magongo nisiziweke, nikakubali, na leo nimeziweka zote. Najua unalinunua gazeti hili baada ya misa. Haikuwa utani. Baba yako hakuuza chochote, na ukitaka kuja kunitukana mlango wangu unaujua. Wakati ule niliandika kwamba wanaojua wanasema. Aliyejua alikuwa mmoja tu, alikuwa baba yako, naye hakusema.